Mashine Iliyokataa Kupumzika

Kuna watu wakisema jambo unaliamini kwa sababu tu wana sauti nzuri. Elida si mmoja wao. Sauti yake ni nyembamba, anaongea akiwa ameangalia pembeni, na akikasirika anachanganya Kiha na Kiswahili mpaka hata sisi Waha wenzake tunaachwa njiani. Nasema haya mapema ili mtu asije akadhani nyumba yetu ya baridi iliokolewa na maneno matamu. Maneno matamu tulikuwa nayo tele, na hayakupunguza hata uniti moja ya umeme.

Mimi ni Mama Samson, muuza samaki wa soko la Mwanga hapa Kigoma, na ni mmoja wa wanawake wenye nyumba hiyo. Iko Bangwe, karibu na maji: vyumba viwili vya baridi chini ya paa moja, kila chumba na mlango wake mzito na mashine yake nyuma. Asiyejua maisha ya samaki atauliza ya nini. Nimweleze. Huku ziwani dagaa na migebuka wanavuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukishakuwa mpevu taa haina kazi, wavuvi wanalala majumbani na nyavu zinashonwa. Hiyo tunaiita mbalamwezi. Basi wakati wa giza samaki wanakuja kwa mkupuo, kila mtu anao, na bei inaanguka mpaka unatamani kulia. Mbalamwezi ikifika, mteja anakutafuta na huna cha kumpa. Miaka yangu ya mwanzo nilimwaga migebuka iliyooza kwa mikono hii hii, huku nikijua kwamba muda si mrefu watu watagombania mikia. Nyumba ya baridi ndiyo iliyotutoa huko. Wakati wa giza tunajaza, mbalamwezi tunauza.

Elida ndiye fundi wake. Amezaliwa Katubuka. Baba yake, Mzee Elikana, alikuwa mtu wa reli, na mama yake alitaka binti ajifunze kushona. Akajifunza. Akashona gauni moja, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, na mama mwenyewe akampeleka chuo cha ufundi akasomee majokofu. Alipomaliza alizunguka Mwanga na mkoba wa vifaa mgongoni, akitengeneza friji za baa na za maduka. Mwanzoni watu walimuuliza fundi yuko wapi. Hakuwa akijibu, alikuwa anaifungua friji. Mpaka leo ukitembea naye anasimama ghafla mbele ya duka la mtu, anaisikiliza friji, anatikisa kichwa, halafu anaendelea na safari bila kumwambia mwenyewe. Inaudhi sana. Nimemwambia, ukiona mgonjwa ama mtibu ama mpite kimya, usimsikitikie barabarani.

Tulimwajiri nyumba ilipofunguliwa, na miaka ya kwanza tulikula vizuri. Kisha umeme ukaanza kututafuna. Kidogo kidogo, ndivyo mabaya yote yanavyokuja. Unaweka umeme wa LUKU leo, unageuka, mita inapiga kelele. Samaki tuliwauza, wateja tulikuwa nao, ila faida yote ilikuwa inaingia kwenye ile mita na haitoki.

Elida akaomba kamati imruhusu kufunga vidude vidogo vya kurekodi. Kimoja kilisoma joto ndani ya kila chumba, kingine kilipima umeme unaotumiwa na kila mashine, na vyote vilituma habari kwenye simu yake, mchana na usiku, kama mstari unaopanda na kushuka. Alituonyesha kwa kidole. "Mashine nzima inafanya kazi, inafikisha baridi, halafu inapumzika. Mnaona? Mstari unapaswa kushuka hapa. Zetu hazipumziki."

"Kwa nini?" tukamuuliza.

Akaangalia pembeni. "Nadhani ni milango. Mnafungua, mnasimama mnapiga soga, joto la ziwa lote linaingia."

Yooo! Ilikuwa vita. Akaweka sheria: mlango unafunguliwa asubuhi na jioni tu. Mteja akija mchana kutaka samaki, unamwambia asubiri jioni, naye anakwenda kununua kuku. Tulinuna sote. Mimi nilimfuata nje nikamwambia mbele za watu, "Binti, kama una kidude cha kila kitu, weka na mlangoni basi, kitwambie nani anasimama wazi kupiga soga!" Nilidhani nimemtukana. Yeye alifikiri kidogo, akasema ni wazo zuri, na kesho yake akafunga kidude cha mlangoni. Sikujua nicheke au niendelee kukasirika, kwa hiyo nikaendelea kukasirika.

Katika hali hiyo akatokea Mwinshehe, mfanyabiashara wa soda na juisi, mtu mpole, kanzu safi, anaongea kama anakupepea. Alitaka kukodi nyumba yote kwa miaka mingi, aweke vinywaji vyake. "Nyinyi kina mama mmehangaika sana," alisema. "Sasa mpumzike. Kodi yenu itawafuata nyumbani." Tukamuuliza samaki wetu watalala wapi. Akatabasamu tu, tabasamu zuri kweli.

Mwenyekiti wetu, Mama Honorata, aliitisha mkutano. Huyu ni mwanamke mkubwa kwa umri, kwa umbo na kwa moyo. Ana michikichi yake kule Simbo, anauza mawese na dagaa, na ndiye aliyetukusanya sisi wengine tulipokuwa kila mmoja anaoza na samaki wake peke yake. Siku hiyo alisimama na karatasi ya mkataba wa Mwinshehe mkononi. "Hii nyumba naipenda kuliko mnavyojua. Lakini siwezi kuwaacha mlee mita badala ya watoto. Tuipe giza hili moja. Mbalamwezi ijayo, kama hali ni hii hii, nitatia sahihi." Tukaafiki kwa kuinua mikono. Nilitoka nikaenda nyuma ya jengo nikalia, na sioni aibu kusema.

Kesho yake tuliosha nyumba, kama tunavyofanya kila mbalamwezi inapoishia na samaki wa akiba wamekwisha. Ni siku yetu wanawake. Tunapika, tunaimba, tunasugua sakafu na kuta mpaka zinang'aa, kisha tunafunga na kuwasha mashine ili vyumba viwe tayari. Elida siku hiyo huwa hayupo, anakwenda kumtazama baba yake, kwa kuwa hakuna samaki wa kulinda. Tuliosha, tukaimba bila hamu, tukafunga.

Halafu upepo wa kusini ukaja. Ulivuma kwa nguvu, ziwa likachafuka, na hakuna mtumbwi uliotoka ingawa giza lilikuwa limeanza. Sisi tulikaa vibarazani tukiulaani. Elida peke yake hakuulaani, maana upepo ule ulimfanyia kazi ambayo hakuna kidude kingeweza kuifanya.

Mnaona, kila mwezi mstari wake ulikuwa unaruka juu mara baada ya mbalamwezi. Kila mtu, na yeye akiwemo, alisema ni kawaida: samaki wapya wameingia, mzigo ni wa moto, lazima mashine zihangaike. Safari hii samaki hawakuingia. Vyumba vilikuwa vitupu kabisa. Na kidude cha mlangoni kilisema hakuna mlango uliofunguliwa tangu tulipoosha. Nyumba tupu, mlango umefungwa, na mstari umeruka juu vile vile, mashine zinanguruma bila kupumua.

Alikuja Mwanga asubuhi, mpaka kwenye meza yangu. "Shikamoo, Mama Samson."

"Marahaba," nikajibu, kavu.

"Nimekuja kusema nilikosea. Si soga zenu. Milango imefungwa na umeme bado unakwenda. Sheria yangu nimeifuta, na nitawaambia wote." Alisema hivyo mbele ya wauza nyanya na wauza dagaa, kwa ile sauti yake nyembamba, uso ameuinamisha kwa aibu. Hasira yangu yote ikaisha pale pale. Nimeishi na watu wengi wenye elimu na wasio na elimu, na wanaosema "nilikosea" sokoni kweupe nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Kisha akauliza swali moja. "Siku ile ya kuosha mnafanya nini hasa? Nieleze yote."

Nikamweleza kwa maringo. Maji, sabuni, brashi, nyimbo. "Halafu mwisho Mama Honorata anakuja na galoni yake ya mawese, anapaka milango. Bawaba, komeo, na ule mpira mweusi unaozunguka mlango, anaupaka mpaka unameremeta."

Elida akaniangalia usoni. Nadhani ndiyo mara ya kwanza. "Mawese? Kwenye mpira? Ule utando nilidhani ni mafuta ya samaki."

"Sasa mpira si ngozi? Ukikauka unapasuka."

Ndiyo, najua. Lakini mtu asitucheke kabla hajafika Kigoma. Sisi mawese tunapaka kila kitu. Mtoto anakohoa, anapakwa kifuani. Kitasa kinagoma, mawese. Ngozi ya miguu imepauka, mawese. Mama Honorata hakuwahi kuuza hata tone la galoni ile, ilikuwa sadaka yake kwa nyumba, mawese mazuri mekundu ya michikichi yake mwenyewe. Tena kadiri umeme ulivyozidi kututafuna, ndivyo alivyozidi kupaka, akiamini anaitunza milango yetu.

Tulikwenda Bangwe pamoja. Elida alichukua kipande cha karatasi, akakiweka kwenye ukingo, akafunga mlango juu yake, akaniambia nivute. Nilidhani kitanasa. Kikatoka laini, kimebaki na doa la rangi ya chungwa. Tukazunguka mlango mzima, juu, chini, pembeni, karatasi inatoka tu. Akanivuta mkono nishike mpira. Mawese yalikuwa yameganda kwa baridi, mabonge mabonge kama mshumaa uliochuruzika, na mpira chini yake umevimba. Mlango ulikuwa umefungwa kwa macho. Kwa hewa ulikuwa wazi, usiku na mchana, na joto la ziwa lilikuwa linajipitia.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikasema.

"Nani atamwambia?" akauliza Elida, na sote wawili tulijua ni yeye mwenye mistari.

Mama Honorata alisikiliza mpaka mwisho. Elida alimwonyesha mistari ya miezi yote, kila mbalamwezi inapoishia unaona inavyoruka. Mashavu yakamcheza yule mama. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu Elida. Mimi nilianza kupaka mawese kabla mama yako hajaolewa. Unataka kuniambia sadaka yangu ndiyo mwizi?"

"Sisemi mimi, mama. Mashine ndiyo inasema."

"Mashine haina adabu, basi." Akainuka. "Weka mpira mpya milango yote miwili. Chumba kimoja nipake mimi, kingine ukiache kikavu kama moyo wako. Samaki waingie sawa sawa. Tutaona."

Na hivyo ndivyo Bangwe ilivyopata mechi yake. Upepo ulitulia, mitumbwi ikatoka, samaki wakaja, na mimi niliwagawa mwenyewe, kreti huku, kreti kule, ili mtu asiseme. Kila asubuhi Elida alituma kwenye kundi letu la simu mistari miwili: mashine ya Mama Honorata imepumzika kiasi gani, mashine ya Elida kiasi gani. Basi. Hakuongeza neno. Wanawake waligawanyika kama Simba na Yanga. Hata wateja wasiomjua Elida walikuwa wananunua migebuka huku wakiuliza, "Leo nani kaongoza?"

Siku za kwanza mistari ilikwenda pamoja, na Mama Honorata alipita sokoni akisalimia watu kwa sauti ya juu. "Mwakeye! Mwakeye jamani! Sadaka inafanya kazi!" Nilianza kuogopa. Nilimwona Elida amekaa nje ya nyumba ya baridi, simu mapajani, kucha mdomoni, na nikawaza: mtoto wa watu, ukishindwa hapa, Mwinshehe anahamia na sisi tunarudi kumwaga samaki.

Kisha mistari ikaachana. Mawese yalipoganda sawasawa, mashine ya Mama Honorata ikaanza kupumzika kidogo, halafu kidogo zaidi, halafu ikakataa kabisa kupumzika. Ile ya Elida ilikuwa inafanya kazi yake, inanyamaza, inakaa kimya muda mrefu mpaka mtu anadhani umeme umekatika, halafu inaamka tena. Kila asubuhi pengo lilikuwa pana zaidi. Kundi la simu, lililokuwa na kelele kama harusi, likawa kimya. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumcheka mwenyekiti.

Yeye mwenyewe alikuja. Alifika Bangwe mchana, watu wengi tukiwepo, akaomba karatasi. Akaifungia mlango wake, akaivuta. Ikatoka. Akaenda mlango wa Elida, akafunga, akavuta. Ikakataa. Akavuta kwa nguvu ya mwili wake wote, na si mwili mdogo, karatasi ikachanika, nusu mkononi mwake, nusu imebanwa na mlango. Alisimama akiitazama ile nusu. Kisha akarudi kwenye mlango wake, akaukwangua mpira kwa ukucha, bonge la mawese likamdondokea mguuni.

"Wanawake," akasema, "mwizi wenu nimempata. Ni mimi." Akamgeukia Elida, akamshika mabega, nikadhani anamnasa kofi. "Asiyekubali kushindwa si mshindani. Niletee sabuni."

Tuliosha mpira ule sote, tukisukumana mlangoni, tukicheka mpaka machozi, na wale waliokuwa upande wa Mama Honorata ndio waliocheka kuliko wote. Mpira wenyewe ulikuwa umeshavimba, kwa hiyo Elida alifunga mwingine mpya, mkavu. Lakini hakuishia hapo, maana huyo mtu akianza kusoma mistari yake haachi. Akatuonyesha kwamba mbalamwezi inapoendelea na samaki wanapungua, tunapoza vyumba viwili kwa mzigo wa kimoja. Akatuhamishia samaki wote chumba kimoja na kuizima mashine ya pili. Nilikuwa mkorofi wa kuuliza kwa nini hatukufanya hivyo tangu mwanzo. Akasema kwa sababu hakuna aliyeangalia. Na alikuwa amesema kweli.

Mkutano ulifanyika mbalamwezi hiyo hiyo, ndani ya ua wa nyumba ya baridi, mwezi mzima unapanda juu ya paa kabla jua halijazama ziwani. Mwinshehe alikuja na kanzu yake, karatasi zake na kalamu mbili, moja ya akiba. Mama Honorata alisimama akasoma mita kwa sauti. Umeme ambao zamani ungekuwa umeisha kabla samaki hawajajaa ulikuwa bado upo, na chumbani samaki wa kuuza walikuwepo, wakavu, wagumu, wazuri. Wanawake walipiga vigelegele. Mama Rozalia, jirani yangu wa meza ya pili, alipanda juu ya kreti akacheza mpaka ikavunjika.

Wakamvuta Elida mbele aseme neno. Alikuwa amejificha nyuma, akaja akijifuta mikono kwenye sketi. Tulitegemea atatushukuru, au atalia, vitu kama hivyo. Yeye akakohoa, akaangalia pembeni. "Bado paa," akasema. "Mchana jua linapiga bati, na mstari unapanda. Tukiezeka kivuli juu yake, makuti tu yanatosha, mashine zitapumzika zaidi." Akamaliza. Hakuwa na la ziada.

Kicheko kilichotoka pale kiliwafanya wavuvi waliokuwa wanashona nyavu ufukweni wageuke kutazama. Watu wakaanza kugawana kazi hapo hapo, nani ataleta makuti, nani ana miti, nani ana kaka mwezekaji. Mwinshehe alikaa akingoja, mpole, kalamu mkononi. Mwishowe akainua mkono. "Samahani, Mama Mwenyekiti. Na ile sahihi?"

Mama Honorata aliichukua ile karatasi, akaikunja vizuri mara mbili, akamrudishia kwa mikono miwili kama anavyorudishiwa mgeni sahani yake.

"Sahihi ya nini, mzee wangu?" akasema. "Umewahi kuona mtu anaezeka nyumba anayoihama?"